Damu ya Ukoo

Jumapili, 19 Oktoba 1997

Daktari wa Nairobi ameagiza joto la mwili wa binti yangu Bilan lipimwe na kuandikwa kila asubuhi, kabla hajanywa chai. Kazi hiyo nimeichukua mimi. Mama yake, Weris, hawezi kusoma kipimajoto, na Bilan mwenyewe si wa kuaminika katika jambo hili. Akiwa na homa husema amelala vibaya. Mimi nimestaafu ukuu wa shule, nina muda, na mkono wangu hautetemeki.

Joto leo: 36.7. Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha saa tisa alasiri. Mtaa wote wa Iftin, hapa Garissa, umenukia udongo.

Jumatatu, 20 Oktoba

36.8. Mvua.

Jumanne, 21 Oktoba

36.6. Mvua. Watu wanafurahi.

Jumamosi, 25 Oktoba

36.7. Nieleze ugonjwa wenyewe, asije msomaji akadhani tunamdekeza mtu mzima. Bilan ana miaka ishirini na saba, naye ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya upili. Kabla ya miaka mitatu iliyopita alikuwa akiugua nimonia kila baada ya miezi miwili, akipona hii anaingia ile. Nairobi wakagundua kwamba damu yake karibu haina kingamwili, yaani zile protini zinazovitambua vijidudu na kuvizuia. Tangu hapo, kila wiki ya nne, hutiwa mshipani dawa iliyotengenezwa kwa kingamwili za watu wengine. Dawa huja kwa basi ndani ya kasha la barafu, nayo huwekwa katika jokofu la hospitali. Ikipata joto, haifai tena.

Leo mchana, tukiwa kwenye chakula, nilimuuliza kwa nini mwili wake hautengenezi kingamwili zake wenyewe. Alifurahi kuulizwa. Alitenga punje kadhaa za wali ukingoni mwa sinia.

"Abo," akasema, akiniita baba kwa lugha yetu, "kingamwili hutengenezwa na seli zinazoitwa seli B. Hizi hapa. Huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Zangu pia huzaliwa, tena nyingi."

"Halafu?"

"Halafu zinatakiwa kuishi, na kuzaliwa peke yake hakutoshi. Seli zilizo jirani hutoa molekuli ndogo sana, saitokini, zinazobeba ujumbe. Ujumbe wenyewe ni mfupi: endelea kuishi. Seli B ikiupata, inabaki, inaongezeka, inaanza kazi. Isipoupata, baada ya siku chache inajizima."

"Nani anaiua?"

"Hakuna anayeiua. Hakuna aliyeiambia ibaki, basi inaondoka."

"Na majirani wa seli zako hawasemi?"

"Ama hawasemi, ama zangu hazisikii. Daktari hajui. Mwezi wa nane alipeleka damu yangu ng'ambo ikaangaliwe."

Weris akasema kwamba chakula si cha kuchezewa, akazichukua zile seli B akazila.

Jumapili, 2 Novemba

36.8. Mvua haijakatika tangu Alhamisi. Ukuta wa jikoni umepata ufa.

Jumatano, 5 Novemba

36.7. Kwenye kona yetu amehamia mwanamke mmoja kutoka kambi ya Ifo, jina lake Madino. Alikimbia Somalia mwaka wa tisini na moja. Alfajiri husafisha matumbo ya mbuzi machinjioni, kisha huuza chai ya maziwa mpaka jioni. Ana sauti kubwa kupita kiasi. Leo Bilan alikaa kwenye benchi lake zaidi ya saa nzima. Nilimwambia hapafai. Akajibu kwamba pale ndipo anaposikia habari zilizo kweli.

Jumapili, 16 Novemba

36.9. Bilan ametiwa dawa leo. Ilikuwa chupa ya mwisho katika jokofu. Nyingine zitakuja na basi kabla ya tarehe 14 Desemba, siku ya zamu yake.

Alhamisi, 20 Novemba

36.7. Barabara ya Nairobi imekatika. Mto Tana umevunja kingo zake, na maji yamefunika lami kwa maili nyingi. Mabasi hayatoki wala hayaingii.

Ijumaa, 21 Novemba

36.7. Mvua.

Jumatatu, 24 Novemba

36.8. Mvua. Sukari haipo dukani.

Jumatatu, 1 Desemba

36.8. Kona imekuwa kimya siku nne. Madino yuko kitandani na homa, macho mekundu. Watu wanasema ni malaria. Mbu sasa ni wengi kiasi kwamba mtu huwavuta puani anapopumua. Bilan alitaka kumpelekea uji. Nilimkataza kuingia nyumba ya mgonjwa. Akaupeleka mama yake.

Alhamisi, 4 Desemba

36.9. Madino amerudi kwenye benchi lake, amekonda. Sauti haikukonda.

Jumatatu, 8 Desemba

36.8. Kondoo na mbuzi wanakufa kila upande. Majike wote wanatupa mimba. Mpwa wangu Maow, mwana wa marehemu ndugu yangu Khalif, alikuwa akileta kondoo kutoka Tarbaj kuwauza Garissa, mafuriko yakamzuia kwenye kilima kaskazini ya mji. Muuza maziwa mmoja amemwona. Anasema Maow amebakiwa na nusu ya kundi, na kutwa anachuna waliokufa ili angalau aokoe ngozi.

Jumapili, 14 Desemba

36.9. Leo ndiyo siku ya dawa. Dawa haipo. Nilikwenda hospitali nikaonyeshwa jokofu. Nililifungua mwenyewe, nikalifunga.

Jumatatu, 15 Desemba

37.0.

Jumanne, 16 Desemba

37.1. Wachungaji wawili wa mifugo wameletwa hospitali wakitokwa damu puani na kwenye fizi. Wamekufa wote. Hakuna anayejua ni ugonjwa gani.

Ijumaa, 19 Desemba

38.2. Amekohoa usiku kucha. Asubuhi aliniambia amelala vibaya.

Jumamosi, 20 Desemba

38.9. Bilan amelazwa. Nimonia, pafu la kulia.

Daktari wa wodi ni Nuh, kijana wa Wajir, mwenye adabu. Alinieleza hali ilivyo. Anampa dawa za kuua vijidudu, lakini kwa mtu asiye na kingamwili dawa hizo hupigana peke yake. Redio ya hospitali imeomba chupa kutoka Nairobi. Ndege za msaada zinapeleka chakula kwanza. Kwa hiyo kumebaki njia moja ya zamani. Atachukua damu ya mtu mzima mwenye afya, aiache itulie ndani ya jokofu mpaka chembe nyekundu zishuke chini, kisha anyonye kwa bomba la sindano yale maji ya manjano yanayobaki juu. Yanaitwa plazima, na humo ndimo kingamwili zilimo.

"Damu ya nani?" nikauliza.

"Ya yeyote aliye mzima, Mwalimu. Kundi la damu la Bilan hupokea plazima ya kundi lolote. Yako siwezi kuichukua, una shinikizo la damu. Mama naye ana upungufu."

Madino alikuwa pale. Huingia na birika lake kuwauzia chai jamaa za wagonjwa. Hakungoja kuulizwa.

"Chukueni yangu. Mimi damu ninayo kama ngamia. Nimeshiba matumbo ya mbuzi miezi miwili."

Muuguzi Bishara akacheka, akasema anaweza kumpima sasa hivi na kazi ikaanza leo.

Nikakataa. Naandika maneno yangu kama nilivyoyasema: "Tunashukuru. Lakini Bilan ana ukoo wake. Siwezi kumtia mwanangu damu ya mtu ambaye simjui babu yake."

Madino alitazama birika lake. "Sawa, Mwalimu," akasema, akaenda kitanda kingine kuuza chai.

Daktari Nuh alisema kwamba kusubiri ni hatari. Nikamjibu kwamba mpwa wangu yuko mwendo wa saa nne tu kutoka hapa, na kwamba kwetu damu ikihitajika, wanaoitwa ni watu wa ukoo. Hivyo ndivyo tunavyolipa fidia ya waliouawa na ndivyo tutakavyotoa damu ya kumponya huyu. Daktari ni wa kwetu. Alielewa, akainamisha kichwa.

Bilan alikuwa amesikia. Aliniita kitandani.

"Abo, miaka mitatu unanitia damu ya Wazungu. Chupa moja ni watu elfu. Uliwajua babu zao?"

"Wale hawakuja mlangoni kwangu."

Alifumba macho. Nilidhani amechoka.

Nimemtuma muuza maziwa amwite Maow.

Jumapili, 21 Desemba

39.0. Maow amefika adhuhuri, matope mpaka mapajani, ana harufu ya ngozi mbichi. Ana miaka ishirini na minne na mabega ya baba yake.

"Adeer," akaniita, yaani ami, "bado unaandika tu? Kalamu zote za serikali umezimaliza wewe."

Nilimwambia anawe kwanza. Alinawa, akala, akatueleza habari za kilima. Katika kondoo mia na sitini wamebaki hamsini na watatu. Majike wanatupa mimba usiku na mchana. Amevuta vitoto vilivyokufa mpaka mikono ikachoka. Hasara hiyo aliieleza kwa mzaha, kwamba sasa yeye ndiye mkunga mwenye sifa mbaya kuliko wote wa mkoa huu.

Nilipomweleza haja yetu, hakuniacha nimalize. "Mwambie Bilan anibakizie kidogo ya kuoa."

Jioni alikaa kivulini akiwa amefunika macho kwa shuka. Akaniambia kichwa kinamuuma kidogo na mwanga unamchoma. Nilimwambia ni jua. Wiki nyingi hatukuliona. Weris akamtilia chai ya tangawizi.

Jumatatu, 22 Desemba

39.1. Tulikwenda hospitali saa mbili asubuhi. Maow alipimwa magonjwa wanayoyapima, hakuonekana na lolote. Alipokiona kifuko cha damu alimtania Bishara.

"Dada, haka kamfuko? Mimi nimetembea saa nne, mnanichukulia kwa kijiko?"

"Tulia, usije ukaanguka. Wanene kama wewe ndio huanguka."

Daktari Nuh akamuuliza: "Umekuwa na homa? Kuumwa kichwa? Chochote wiki hii?"

Maow alinitazama mimi kwanza. "Sina kitu," akasema.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

Jumanne, 23 Desemba

39.0 asubuhi. Plazima ya Maow ilikuwa imetulia tangu jana, rangi ya samli. Bilan ametiwa yote. Jioni 38.4. Amekunywa mchuzi. Weris ametoa sadaka. Nami nimeswali rakaa mbili za shukrani.

Jumatano, 24 Desemba

37.9. Kifua kimepungua. Ameomba madaftari ya wanafunzi wake asahihishe.

Maow amelala nyumbani kwetu na homa kali.

Alhamisi, 25 Desemba

37.8. Maow ametapika. Matapishi meusi.

Ijumaa, 26 Desemba

39.6. Saa nne asubuhi Bilan alianza kutetemeka hata kitanda kikasikika wodi nzima. Kifua chake, anasema daktari, ni kisafi kuliko jana. Hii ni homa nyingine.

Maow tumempeleka hospitali kwa mkokoteni wa punda. Fizi zinatoka damu. Wamemlaza katika wodi ya wanaume, vitanda viwili kwa watu watano.

Jumamosi, 27 Desemba

40.1. Macho ya Bilan ni mekundu.

Nimepita kwa Maow mara tatu. Mara ya tatu aliniuliza kama Bilan amepona. Nilimwambia anaendelea. Akasema, "Si nilikwambia ni damu nzuri."

Jumapili, 28 Desemba

40.0.

Maow mwana wa Khalif amefariki saa tano asubuhi. Tulimzika kabla ya alasiri. Watu sita tu, wengine waliogopa. Kaburi lilijaa maji tukawa tunayateka kwa ndoo. Sikuwa na njia ya kumpelekea mama yake habari isipokuwa redio ya watu wa misaada. Mama yake ni Ebla, yuko Tarbaj, na hana mtoto mwingine wa kiume.

Baada ya mazishi nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari Nuh. Nilimwomba afunge mlango. Nikamwambia kwamba Maow aliniambia habari ya kichwa na macho siku moja kabla ya kutoa damu. Kwamba alipoulizwa alinitazama, na kwamba kijana wa kwetu hawezi kujitoa katika haja ya ukoo mbele ya mzee wa ukoo, nami nililijua hilo niliposimama pale. Neno langu moja lingetosha. Sikulisema kwa sababu nilitaka damu iwe ya kwetu.

Aliangalia kama mlango umefungwa.

"Mwalimu, sina kipimo cha kuthibitisha. Mbu wamejaa wodini. Huenda Bilan aliupata kwa mbu."

"Huenda."

"Basi hakuna haja ya kumwambia mtu."

Nilimuuliza kama kuna la kufanya. Akasema liko moja, lakini ni la kubahatisha. Mtu aliyeugua homa hii akapona ameshatengeneza kingamwili za homa hii hasa. Seli zake B zilipata ujumbe kwa wakati, zikaishi, zikaongezeka, na sasa damu yake inajua kitu ambacho ya Bilan haiwezi kujua. Akamwita Bishara, akamuuliza kama anamjua mtu wa hapa mjini aliyekuwa na homa na macho mekundu mwezi uliopita, akapona.

Bishara hakufikiri. "Yule mama wa chai."

Nikarudi nyumbani nikalifungua daftari hili. Tarehe 1 Desemba. Niliandika mwenyewe: homa, macho mekundu. Siku alipojitolea wodini alikuwa mzima kwa wiki mbili na zaidi.

Nilimwomba Weris aende kumwita. Alikuwa akifua shuka za Maow.

"Mimi siendi," akasema. "Aliyemrudisha si mimi."

Jumatatu, 29 Desemba

40.3. Bilan hanitambui vizuri. Ananiita Mwalimu, kama watoto wa shule.

Nilifika kwa Madino saa moja asubuhi. Benchi lilikuwa limejaa wachukuzi wasio na mizigo ya kuchukua. Aliniona, akaendelea kumimina. Nilisimama. Mchukuzi mmoja akanipisha nikae, Madino akamwambia, "Muache. Mwalimu hakai hapa." Wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

Alipomaliza vikombe vyote alijifuta mikono.

"Umekuja kunywa chai?"

"Nimekuja kuomba damu yako kwa ajili ya Bilan. Nilikosea."

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilinisumbua zaidi.

"Mwalimu, mimi ni Madino binti Hamse. Hamse ni mwana wa Diriye. Diriye ni mwana wa Warsame." Alihesabu babu zake kumi na wanane, mmoja baada ya mwingine, bila kukwama, mbele ya wachukuzi, na mimi nikiwa nimesimama kwenye tope. Kila jina alinipa muda wa kulisikia. Kwetu watoto hujifunza majina hayo kabla ya kujifunza kuchunga; sikuwa nimewaza kwamba na yeye aliwahi kuwa mtoto wa mtu.

Alipofika mwisho akauliza, "Sasa umewajua?"

"Nimewajua."

"Basi twende. Bilan alinilipia chai ya wagonjwa wawili mwezi jana na hakutaka nikwambie."

Akamwachia mchukuzi mmoja birika, akatangulia yeye. Njiani hakusema neno, naye ni mtu ambaye sijawahi kumsikia akinyamaza.

Daktari hakungoja jokofu lifanye kazi yake kwa siku nzima. Wameyanyonya yale maji ya manjano jioni hii, kidogo yaliyopatikana, wakamtia Bilan; mengine watayanyonya kesho.

Jumanne, 30 Desemba

39.8. Ametiwa mara ya pili.

Jumatano, 31 Desemba

39.5. Hakuna kutoka damu.

Alhamisi, 1 Januari 1998

38.8. Ramadhani imeingia. Watu kutoka Nairobi wamefika kwa ndege wakiwa na glavu na vitambaa vya kuziba mdomo, wanachukua damu za wagonjwa na za mizoga. Uchinjaji umepigwa marufuku.

Ijumaa, 2 Januari

38.1. Amenitambua. Ameuliza Maow yuko wapi. Nikamwambia.

Jumapili, 4 Januari

37.5. Madino ametoa damu tena. Bishara alimkatalia, akamwambia ni mapema mno. Wakazozana mpaka wagonjwa wakacheka. Madino akashinda. Nimemnunulia maini. Hakuna maini mjini kwa sababu ya marufuku. Nilipata ya kopo.

Jumatano, 7 Januari

37.0. Wametangaza jina la ugonjwa: homa ya Bonde la Ufa. Hutoka kwa mbu, na kwa damu ya wanyama wagonjwa, hasa kwa wanaochuna na wanaozalisha.

Jumamosi, 10 Januari

36.9. Bilan yuko nyumbani.

Jumatatu, 12 Januari

36.8. Alikuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi. Akaniuliza kwa nini nimemwekea karatasi yenye doa la wino katikati. Karatasi haikuwa na doa.

Jumanne, 13 Januari

36.8. Daktari Nuh amemwangalia macho kwa tochi yake. Homa hii, anasema, kwa wengine hurudi kwenye macho baada ya wiki mbili tatu, ikachoma ile sehemu ya ndani ya kusomea. Bilan huona pembeni: mlango, mbuzi, mkono wa mama yake. Akikielekea kitu kukitazama, kinatoweka. Huenda kuona kukarudi kidogo. Hakuahidi.

Jumatano, 14 Januari

36.7. Ndege imeleta chupa tatu za dawa na barua kutoka kwa daktari wa Nairobi. Bilan ameniomba nimsomee.

Majibu ya ng'ambo yamerudi. Seli B zake, zilipowekwa peke yake ndani ya chupa ya maabara, zilikufa zote kabla ya siku ya tatu. Zilipotiliwa saitokini zilizotengenezwa maabara, nyingi zilikuwa hai siku ya kumi. Kwa hiyo seli zake ni nzima na zinasikia. Kinachokosekana ni ujumbe. Daktari ameandika kwamba jambo hili ni muhimu kwa sayansi, na kwamba kwa sasa haliwezi kugeuzwa kuwa dawa. Huenda ikachukua miaka mingi.

"Soma tena hapo pa siku ya kumi," akasema.

Nikasoma tena.

"Zilikuwa zinaweza," akasema. "Wakati wote huo." Hakulia. Aliniomba nimpeleke kwa Madino. Nilikaa naye kwenye benchi mpaka karibu na maghribi. Tulikuwa tumefunga, kwa hiyo hatukunywa kitu, na Madino alikuwa na mengi ya kusema.

Alhamisi, 15 Januari

36.8. Ametiwa dawa.

Jumatatu, 19 Januari

36.7. Mkuu wa shule yake amekuja kumjulia hali. Walizungumza juu ya muhula, kila mmoja akizunguka lile jambo lenyewe, la macho.

Jumatano, 21 Januari

36.7. Shemeji yangu Ebla ametuma neno kwa redio ya misaada. Barabara ya Wajir imeanza kupitika, amepata nafasi katika lori. Atafika Jumapili. Neno lake alilosomewa Weris ni hili: nakuja kumwona Bilan, kwa kuwa mwanangu yumo ndani yake.

Jumamosi, 24 Januari

36.8. Nilikuwa nimemaliza kuandika tarakimu hiyo, Bilan akaniambia niweke kalamu chini.

"Plazima ya kwanza ilikuwa ya Maow."

"Ndiyo."

"Alikuwa mgonjwa alipoitoa?"

Weris alikuwa uani. Nilisikia akipepeta mtama.

"Kichwa kilimuuma na macho pia. Aliniambia siku moja kabla. Daktari alipomuuliza alinitazama, nami nikanyamaza. Niliitaka damu ya ukoo. Na yule aliyekuwa na damu ya kukuponya nilikuwa nimemfukuza siku mbili kabla."

Aliugeuza uso wake upande kidogo, kama afanyavyo sasa anapotaka kumwona mtu. Nilijua ananiona kwa ukingo wa jicho.

"Nani anajua?"

"Daktari Nuh. Mama yako nadhani anakisia."

"Na Mama Ebla?"

"Hajui. Nitamwambia kesho. Ni haki yake."

"Usimwambie."

"Bilan, mimi sijapata kumficha mtu—"

"Najua. Nimelelewa na wewe." Sauti yake ilikuwa ile anayoitumia darasani. "Yeye anakuja kutoka Tarbaj juu ya magunia kwa sababu anaamini mwanawe alikufa akiwa ameniokoa. Ukimweleza, wewe utapumua. Yeye atarudi na nini?"

Nimekaa miaka sitini na saba nikiamini kwamba kweli ni mali ya kila anayehusika nayo.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Wewe utarudi na nini?"

Alifikiri. "Mimi bado sijui, Abo. Nina hasira na wewe. Usiniulize tena mwezi huu."

Kisha akaomba chai, akakumbuka ni Ramadhani, akasema basi.

Ebla atafika kesho. Nitampokea mlangoni. Nitamwambia kwamba Maow aliposikia haja yetu hakuniacha nimalize kuieleza, na kwamba Bilan yu hai. Yote mawili ni kweli. Nitasema hayo mawili, kisha nitanyamaza, na safari hii nitajua ninanyamazia nini.